Sufuria ya Uzi wa Kijani

Mambo yaliharibika Jumanne ya baada ya Pasaka, daraja lilipobebwa na maji na Tabitha akafia ng'ambo, akisubiri kuvushwa kwenda zahanati. Daraja hilo wakubwa wa serikali walikuwa wamelikagua mara chungu nzima. Kulikagua tu. Tangu hapo mumewe, Mzee Eliabu, hakumwamini mtu, na kanisani hakukanyaga.

Lakini nyumbani kwake ilibaki sufuria moja ya msibani, iliyoletwa ikiwa na uji alfajiri ya mazishi. Pale mjini kila nyumba hutia alama vyombo vyake. Hii ilikuwa na uzi wa kijani kwenye mkono wake, na hakuna aliyeifuata. Ya nani? Swali likawa linamwasha kama upupu.

Jumapili akaibeba mpaka uwanja wa kanisa, watu wakitoka ibadani.

"Si yangu, shemeji," alisema Mama Faraji. "Mie nilileta mikeka."

"Kumbe mikeka ile ni wewe?"

"Ulidhani iliota? Hukuuliza, umenuna tu!"

"Yangu pia siyo," alisema Hezroni, fundi baiskeli. "Mimi nilikuwa kaburini na sepetu, mvua inanitwanga."

Eliabu akawatazama kama wageni waliohamia jana. "Ahsanteni," akasema. "Mungu alinitumia watu, mimi macho yote kwa wakubwa."

Sufuria ikapita mkono kwa mkono hadi kwa wanakwaya. Wakaigeuza, wakaushika uzi, hakuna aliyeutambua.

"Sasa jamani," aliuliza Eliabu, "uji ule tuliokunywa ulikuwa wa nani?"