Nukta za Ukurasa wa Kumi na Saba

Alasiri ya mwisho wa mwaka, Gunnvor alibakiza kitabu kimoja tu kutimiza hamsini katika daftari lake la usomaji.

Kama wazee wengi wa mji wa Bergen, Norwe, waliozoea maktaba, alikuwa na alama yake: nukta ya penseli chini ya ukurasa wa kumi na saba, asije akaazima tena kitabu alichokwisha kukisoma.

Alipoufikia ukurasa huo, aliinua penseli. Chini ya namba palikuwa na nukta mbili, ndogo kama macho ya sisimizi.

Alifungua daftari. Kitabu kilikuwemo mwezi wa Machi: “Kinachosha.” Kilikuwemo tena Septemba: “Sijawahi kusoma kitamu kama hiki.”

Hakukumbuka hata neno moja.

“Mama, unamalizia cha hamsini?” bintiye aliuliza kutoka jikoni, akikoroga uji wa mchele. “Kwa umri huo! Kichwa chako bado kinachapa kazi.”

Gunnvor alichukua kifutio. Alizisugua zile nukta mbili mpaka karatasi ikang'aa, akapuliza vumbi.

“Kizuri lakini?”

“Sijui, mwanangu. Ndiyo kwanza nakianza.”