Shikamoo, Mama Chausiku

Sheria ni moja: ukipewa moyo wa marehemu, kila Alhamisi unakwenda kwao na kuwa yeye. Familia ikikukataa, moyo unachukuliwa, na wewe unazikwa.

Mimi naitwa Zawena. Nina miaka kumi na sita na moyo wa Chausiku. Mwaka mzima nimevaa magauni yake na kula kisamvu alichokipenda, nami sikipendi. Alhamisi hii nilimkuta mkaguzi wa serikali sebuleni kwao Chausiku, kalamu mkononi.

"Msalimie mama yako," akaniamuru.

"Shikamoo, Mama Chausiku."

Mkaguzi akainua kichwa. Mtoto gani humwita mama yake mzazi hivyo?

"Mimi ni Zawena," nikasema. "Mama yangu yuko Mbagala. Chausiku alikufa."

Mkaguzi akamgeukia Mama Chausiku. "Huyu ni mwanao?"

Mama alinitazama usoni.

"Ndiye. Mbishi tangu tumboni. Andika."

Mkaguzi alipoondoka, mama akaniwekea kiganja kifuani.

"Alhamisi ijayo njoo na nguo zako, Zawena," akasema.

Lakini kiganja hakukiondoa.