Kati ya Fizi na Shavu

Kidonge kilikuwa bado kati ya fizi na shavu nesi alipomwambia afungue mdomo, ainue ulimi.

"Umemeza, Fundi?"

"Nimemeza."

Damu walikuwa wameshamtoa. Fundi, binti aliyeishi kwa cherehani yake, alishuka ngazi akishika plasta mkononi, na nyuma ya ukuta wa zahanati akakitema kidonge kwenye leso. Ganda lake lilikuwa gumu, halikuyeyuka.

Dawa ilikuwa mpya, ya ini. Walioombwa kuijaribu kwanza ni watu wazima wenye afya. Mama yake, aliyegeuka manjano mpaka macho, walimkataa: amedhoofu mno. Basi binti akajitolea, kidonge akawa anampelekea mama.

Alijua ni wizi. Tena wizi wa mtu aliyeaminiwa, maana daktari aliwaeleza wote waziwazi. Ini lina milango, alisema. Upo uchafu ambao mwili hujitengenezea wenyewe, na ini huuvuta kutoka kwenye damu kupitia mlango mmoja. Dawa hii ikiingia, mlango hubanwa, uchafu hubaki kwenye damu.

"Kwa hiyo sina haja ya kumuuliza mtu kama amemeza. Damu yake itasema."

Tangu hapo kila sindano ilimchoma mara mbili.

Nyumbani mama alikitia kidonge mdomoni, akapiga funda la maji.

"Na wewe wanakutibu nini, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Ni kazi tu."

"Mzima hachomwi sindano kila uchao. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akajikokota jikoni. Chai ya mwanawe hakukubali aipike mtu mwingine, hata ukuta ukibidi umshikilie. Ilikuja tamu ya kukera, na chini yake uchungu.

"Mama, haya majani umeyachemsha mpaka yakaomba msamaha?"

"Acha maneno. Maliza mpaka chini."

Alimaliza. Angemnyimaje hilo tu? Lakini macho ya mama hayakuacha umanjano, na binti akawa anajiuliza kama ameiba kitu kisichofaa kitu.

Kisha asubuhi moja, kidonge kikiwa tayari kwenye leso, daktari akamwita ofisini. Alikaa, akafungua mdomo aungame, daktari akamtangulia.

"Njoo uone damu yako, Fundi." Akamgeuzia kompyuta. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kama mtu apandaye kilima. "Mlango umebanwa barabara, tangu mwanzo. Mistari ya wenzako inarukaruka, hao nadhani wanatudanganya. Wewe hukukosa hata kidonge kimoja."

Binti alitazama mstari, akatazama leso kiganjani mwake.

Nyumbani alimpa mama kidonge kama kawaida. Mama akakitia mdomoni, akapiga funda la maji, akajikokota jikoni. Safari hii binti alivua viatu, akamfuata mpaka mlangoni.

Mama alikuwa amempa mgongo. Aliingiza kidole kati ya fizi na shavu, akatoa kitu cheupe, akakisaga kwa mgongo wa kijiko ndani ya kikombe cha mwanawe. Kisha akaongeza sukari.