Shtaka la Mwani Mwekundu

Bi Kigingi aliketi katikati ya shamba lake, maji yakamfika kifuani, akatangaza kwamba hainuki.

"Wifi, toka hapo," alisema mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani. Nyuma yake walisimama wanawake kumi na tisa, kila mmoja na kisu chake cha kukatia kamba. "Tunakuheshimu, lakini huo mwani wako leo unang'oka."

"Ung'oeni. Ila anzeni na mimi, maana hata mimi nimeota hapahapa."

Wawili walicheka, wakakumbuka wako upande gani, wakanyamaza.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Kikundi kizima kilipanda mwani wa kijani, mbegu ileile waliyorithi kwa mama zao, wakaifunga kwenye kamba zilizotandazwa majini. Huu ulikuwa msimu wa tatu jua likikaza na maji yakipata moto, na ule mwani ulipauka, ukalainika, ukakatika vipande na kwenda zake na mkondo. Katikati ya msiba huo, kamba za mtu mmoja tu zilinenepa. Bi Kigingi alikuwa amepanda kitu chekundu, kifupi, chenye vidole vinene, alichokitoa nyuma ya mwamba. Mwenyekiti, aliyepoteza kamba sitini kati ya themanini, hakuhitaji chuo kikuu ili apate jibu. Kile chekundu ni mgeni, na kinawanyonya wenzake.

Na leo alikuwa na mtu wa serikali. Mtaalamu kutoka ofisi ya uvuvi alisimama kando, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi. Alitoa karatasi mfukoni, akasoma kwa sauti ili asionekane amejitungia.

"'Kuna mwanachama wa kikundi anapanda mwani mgeni. Ni hatari kubwa kwa bahari yetu, na mwenyewe ni mkaidi, hasikii la mtu. Njooni haraka kabla haujasambaa.' Barua yenyewe haina jina."

"Kaandika vizuri, huyo," alisema Bi Kigingi kutoka majini. "Hasa hapo pa ukaidi."

"Si mimi," mwenyekiti alisema haraka, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Lakini aliyeandika, Mungu ampe umri mrefu."

"Amina," alijibu Bi Kigingi.

Mtaalamu aliwazuia wenye visu. Mwani mgeni haukatwi ovyo, alisema. Kila kipande kinachoelea kinakwenda kuota kwingine. Yeye angechukua sampuli tu, halafu maabara iseme. Akakata tawi la mwani mwekundu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Kata na wa wifi yangu," alisema Bi Kigingi. "Usije ukafika huko ukakosa wa kulinganisha."

Akakata na ule wa kijani, au tuseme kilichobaki cha kijani.

"Na ikithibitika ni mgeni, mama? Utakubali?"

"Nitaung'oa wote kwa mikono hii, niuchome pale mchangani mbele yao, mwanangu." Hapo sauti ilimshuka kidogo. Zile kamba ndizo pekee zilizosimama kati yake na kurudi kufua nguo za watu, kazi iliyokwishamla kucha miaka tisa. "Na wao wakiwa wamenisingizia?"

"Nitakuja kwako kuomba mbegu," mwenyekiti alisema, "tena nitakuja kwa magoti."

Wenzake walicheka mpaka vigingi vya kufungia kamba vikatikisika. Bi Kigingi alicheka zaidi yao.

Wiki tatu zilizofuata, hakuna aliyemsaidia kujitwisha gunia. Walimpita kama ganda la chaza lililopasuka. Alijitwika mwenyewe, akiimba kwa sauti mbaya makusudi, na kila asubuhi akawasalimia mmoja mmoja kwa cheo chake cha ukoo, wifi, shangazi, mama mdogo, ili wasipate mwanya wa kutomwitikia.

Siku ya majibu walikusanyika kwenye banda la kukaushia. Mwenyekiti alikuja na kiberiti. Safari hii mtaalamu alikuwa amevaa ndala; walau kuna lililomwingia.

"Huu mwekundu ni wa hapahapa," alisema. "Ulikuwa kwenye mwamba huo kabla ya mtu yeyote kujenga hapa. Ndiyo maana joto hili haliusumbui."

Mwenyekiti alikiweka kiberiti chini.

"Mgeni ni wa kijani. Uliletwa na wanunuzi enzi za mama zenu. Haumnyonyi mtu na haunyonywi, unaumwa na joto tu. Msiung'oe kwa hasira. Muupunguze kamba baada ya kamba, vipande msiviache vikaelea, na mbegu mpya mchukue kwa mama huyu."

Mwenyekiti aliangalia viganja vyake, vilivyopasuka kwa miaka ishirini ya kufunga mbegu ya watu wengine. Hakupiga magoti. Lakini alikunja khanga yake taratibu, kama mtu anayepima umbali wa kufika chini, na kila mtu aliona kwamba angefika. Kisha hasira ikapata pa kutokea.

"Sawa! Nimekubali!" alifoka. "Lakini huyo mfitini aliyeandika barua naye atajwe. Katugombanisha ndugu kwa ndugu, kaleta serikali mpaka shambani kwetu. Nataka nimwone uso, leo hii!"

Bi Kigingi aliinua mkono.

"Mimi, wifi. Barua nne niliwaomba waje waupime mwani wangu, hawakujibu hata moja. Nilipojishtaki, walikuja wiki ileile."