Msomaji Mwingine

"Umepishana naye mlangoni, mama," alisema Rogath, karani wa masijala ya mahakama, akimsogezea Badria faili. "Yule bwana wa barakoa. Kila akija anaomba hilihili."

Badria alichemka. Kweli, kwenye ngazi za mlangoni mtu alimpisha, akageukia ukutani. Kampuni ya bima ina mawakili wa kumwaga, sasa imeleta na mpelelezi?

"Na wewe unampa tu?"

"Shauri ni la wazi, mama. Anayelipa ada anasoma. Mbona na wewe nakupa?"

Badria alikaa kwenye benchi na hasira zake. Wakili wake alishajitoa, kesi haina miguu, alisema, kwa hiyo hoja za mwisho angezitoa mwenyewe. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia jaji: mumewe, Seifu, alikufa siku duka lao la kanga la Mtaa wa Msimbazi lilipoungua.

Bima walikataa katakata. Mwili haukuonekana, kwa hiyo hajafa. Kachoma duka lake, kakimbia. Kariakoo nzima ikalidaka neno hilo. Wanawe wakawa wanaitwa watoto wa mtoro hadi madrasani, na hilo lilimuuma kuliko fedha zote za bima.

Seifu, mtoro! Mtu aliyekuwa akihesabu kanga huku ana karafuu mdomoni kwa ajili ya jino lake bovu, mwenye duka mpaka kufa. Akiitwa na mteja, aling'ata kichwa cha karafuu, akachomeka kikonyo kati ya doti, pale alipoishia, ili asipoteze hesabu.

"Wateja watasema tunauza pilau!" Badria alikuwa akimgombeza kila siku.

Baada ya moto aliyapekua majivu kwa mikono yake akitafuta hata kikonyo kimoja cha kumzika. Hakupata kitu. Sasa alikuwa amechoka, na alijua kesi itamshinda, lakini angalau jina la mumewe lisafishwe.

Alivuta pumzi, akafungua faili atafute ushahidi wake, pale aliposhika msahafu na kuapa kwamba Seifu amekufa.

Hakuhitaji kupekua. Faili lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa huo, na kwenye mkunjo wa karatasi palikuwa na kikonyo cha karafuu kisicho na kichwa, kingali kimelowa mate.