Pete Iliyobana

Karatasi ya hospitali ilisema mgonjwa afike bila pete wala hereni. Hereni alishazivua. Pete ndiyo iliyogoma, kwa sabuni na hata kwa mafuta.

Sonara akauweka mkono wa mkewe juu ya meza yake ya kazi, chini ya taa. Begi lilishafungwa, liko mlangoni, kandambili zimechomoza pembeni.

Pete za watu alishazikata nyingi huku akipiga soga. Hii aliitengeneza mwenyewe, miaka thelathini iliyopita, kwa kukadiria kidole kwa macho tu, maana angeomba kukipima, siri ya posa ingevuja. Ikatoka ndogo. Kila alipotaka kuipanua, mkewe alimwambia, "Iache, nishaizoea."

Sasa msumeno wake, mwembamba kama uzi, ulikuwa umeigusa dhahabu, na mkono ulioushika haukusogea.

"Mbona umeganda, mzee?" mkewe akauliza. "Watakaopasua kesho ni madaktari. Wewe unakata pete tu."

"Nitaiunga ukirudi. Hata alama hutaiona."

"Hivyo ndivyo unavyowaambia wateja wote." Akakitazama kidole chake. "Ila safari hii nipime kwanza."

Sonara akaweka msumeno chini. Akachukua uzi, akauzungusha kidoleni taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Ongeza nafasi," mkewe akasema. "Nikitoka huko nataka kunenepa."