Benchi la Nyuma ya Nguzo

Perpetua aliingia katika kikanisa cha kale kilichobanwa na maduka ya mtaani, akaenda moja kwa moja upande wa wanaume.

"Mama, wanawake wanakaa kule," mlinzi alimwambia.

"Najua, baba. Ndiko nilikokaa miaka yote. Hapa ni pa marehemu mume wangu."

Akaketi nyuma ya nguzo. Kila Jumapili alikuwa akimgombeza mumewe, Anselmi: mtu anawahi misa, halafu anajificha mahali asipoiona altare?

Aliinua macho. Kweli, altare haikuonekana. Nguzo ilificha kila kitu, isipokuwa kipande cha benchi upande wa pili, pale alipozoea kukaa yeye.

Perpetua akaitengeneza kanga yake kichwani, taratibu, kama mtu anayetazamwa.